Wageni wa Chini ya Dirisha

Kwanza niseme wazi: Mzee Pasi hakuwa mtu mbaya. Wapo waliomsema baadaye, na watu wakishaanza kusema hawana breki, lakini mimi nakataa. Mtu mbaya huharibu kwa kukusudia. Huyu aliharibu kwa usafi.

Alikuwa dobi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wengine, ila hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Alifulia uani kwake kwenye mabeseni: la sabuni, la kusuuza, na la bluu kwa nguo nyeupe. Alianika kwenye kamba zilizovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta, na barazani palikuwa na meza yake na ile pasi ya mkaa iliyompa jina. Wateja walitania kwamba kwa mstari wa suruali ya Mzee Pasi unaweza kukatia mkate. Mwenyewe hakucheka. Uchafu kwake haukuwa jambo la mzaha. Ua aliufagia kabla ya chai ya asubuhi na akaufagia tena jioni akishaanua nguo, na alama za ufagio zilibaki zimenyooka kama alama za kitana kichwani. Ole wake kuku wa jirani atakayezikanyaga.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mke wa maua. Tena si maua ya kupandwa kwa mstari na kuzungushiwa mawe, hayo angeyavumilia. Maua ya mkewe yalikuwa ya kujiotea. Mwaka walipohamia nyumba ile, mwanamke alimwaga mbegu, kiganja kimoja tu, chini ya dirisha la chumba chao, na tangu siku hiyo hakupanda tena. Yalichanua, yakakauka yakiwa yamesimama, yakadondosha mbegu yenyewe, na mvua ilipokuja yakaota popote yalipojisikia: chini ya dirisha, kando ya ngazi, hata kwenye ufa wa sakafu ya kufulia. Yalikuwa marefu, ya mabua membamba na majani yaliyochanikachanika kama nyuzi, na maua yake meupe, ya waridi na ya zambarau yalifika hadi dirishani yakachungulia chumbani bila haya. Mkewe aliyaita wageni.

"Wageni wameanza kuingia," alikuwa akisema mvua za kwanza zikishanyesha, ameinama chini ya dirisha na kanga amejifunga kiunoni.

"Nani kawaalika?" alikuwa akiuliza Pasi kutoka barazani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lipo nyuma ya mlango, bibie. Ukiona haya kuwapa, nitawapa mimi."

Utani huo waliurudia kila mwaka na kila mwaka waliucheka. Lakini chini ya utani palikuwa na ugomvi wa kweli, na ugomvi wenyewe ulikuja wakati maua yamekauka. Mbegu zake zilikuwa kama vijisindano vyeusi. Upepo ukivuma zilidandia nguo kwenye kamba, na kuna karani mmoja aliyerudisha shati akilalamika kwamba amechomwa shingoni siku nzima kazini. Pasi akataka mabua yakatwe. Mkewe alikuwa mpole, lakini siku hiyo alisimama kati ya mumewe na mabua.

"Ukiyakata sasa umeua watoto tumboni," alisema. "Yaache yamalize kazi yake."

Pasi akanuna, kisha akahamisha kamba. Kila mwaka alihamisha kamba. Hayo ndiyo mapenzi yake yalivyokuwa, hayakuwa na maneno mengi. Ila katika miaka yote hiyo hakuwahi kuinama kutazama mkewe alikuwa anatazama nini pale chini. Maua aliyajua yakiwa makubwa, na aliyajua yakiwa vijisindano kwenye kola ya mteja. Yakiwa machanga hakuyajua kabisa, na wala hakuona sababu ya kuyajua.

Maradhi yalimwanza mkewe mgongoni, yakashuka kwenye nyonga, yakamlaza. Alipelekwa hospitali wakati wa kiangazi, maua yakiwa yamekauka yamesimama, na mdogo wake akaja kumuuguza. Pasi alifua asubuhi na alasiri alikwenda kumtazama mgonjwa, amevaa shati lililonyooka kuliko mashati ya madaktari. Siku moja daktari akamvuta pembeni kwenye korido. Akamwambia watamruhusu mama arudi nyumbani, kwa sababu hapo hawana zaidi la kumfanyia. Maneno hayo yana kichwa na mkia. Pasi alishika kichwa tu, kwamba mkewe anarudi nyumbani, akaenda zake akiwa na furaha. Mkia ulimfikia akiwa amefika nusu ya njia, akakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Basi mtu akishikwa na huzuni hukimbilia anachokijua. Pasi alijua kusafisha. Akasema moyoni, mke wangu akirudi atakuta ua haujapata kung'aa hivi. Alikata mabua yote makavu, akayakusanya, akayachoma moto mpaka yakawa majivu. Alichukua jembe nyuma ya mlango akachimba chini ya dirisha, akaenda chini hasa, akageuza udongo, akauvunjavunja, akausawazisha. Alikwangua ule ufa wa sakafuni kwa kisu. Akapanga mawe pembezoni na kuyapaka chokaa. Alipomaliza, alisimama kiunoni kunamuuma, akaona kazi yake ni nzuri. Alifanya kwa mapenzi, na ninaomba hilo likumbukwe.

Wala msiseme alikuwa hajui mbegu ni nini. Alijua. Lakini alichowaza ni hivi: maua haya si ya kujiotea? Kila mwaka hayaji yenyewe bila kupandwa? Basi yatakuja tu. Kwa akili yake, kitu cha kujiotea hakihitaji kuachiwa chochote. Lile neno la watoto tumboni lilikuwa limepita sikio moja likatokea la pili.

Mkewe aliletwa amekalishwa kwenye kiti, vijana wawili wamekibeba. Mlangoni pa ua akawaomba wasimame. Akatazama chini ya dirisha, akatazama mawe meupe, akatazama tena.

"Mabua yako wapi?" aliuliza.

"Nimeyachoma. Yote."

"Na udongo?"

"Nimeugeuza mpaka chini kabisa. Hakuna hata jani."

Mwanamke akafumba macho. Pasi alidhani ni maumivu ya safari.

"Ua unang'aa, mzee," alisema mkewe. "Haya, niingizeni ndani. Nimechoka."

Shemeji ndiye aliyempasulia ukweli, kule jikoni, huku akipuliza moto. "Shemeji, umefanya nini? Dada yangu hospitalini pale alikuwa hana wimbo mwingine. 'Ngoja nirudi, mvua ziko karibu, wageni wangu wanakuja, nikiwaona mara moja tu inatosha.' Kila siku. Na mbegu zilikuwa kwenye hayo mabua uliyochoma. Sasa wageni watatoka wapi?"

Pasi alitoka jikoni. Kisha akaingia chumbani, akaketi sakafuni kando ya kitanda, akamwambia mkewe kwamba amekosa. Hakuzunguka. Alisema nimekosa, sikujua, nisamehe.

"Zipo zilizodondoka kabla hujashika jembe," mkewe alimwambia. "Ila umezizika. Hizi hupenda kukaa juujuu. Zikienda chini hulala, na zinaweza kulala mwaka mzima. Lakini huenda ikabaki moja. Sasa sikiliza. Usichimbe. Usifagie pale. Kaa na mkono wako. Ikiota moja tu, ikafika dirishani, nitaiona nikiwa hapahapa."

Maana kitanda kilikuwa chini na dirisha lilikuwa juu. Akilala aliona mbingu na kamba ya nguo, basi. Kumwinua hakukuwezekana, walijaribu mara moja akalia kwa sauti ambayo Pasi hakutaka kuisikia tena. Kwa hiyo ua ndilo lililotakiwa kumfuata, na ilitakiwa limwahi. Pasi alikwenda sokoni akanunua maua ya dukani, akayaweka kwenye glasi karibu na mto. Mkewe alishukuru.

"Mazuri," alisema. "Lakini haya umeyaalika."

Mvua zikaja. Chini ya dirisha kukachipua vitu vya kila aina, na Pasi, ambaye magoti yake yalizoea kusimama, akainama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akatazama, akatazama, akaona kijani kitupu.

"Kuna kimoja kina majani mawili," alisema kwa sauti ili isikike dirishani.

"Vyote huanza na majani mawili, mzee," sauti ya ndani ikajibu. "Yakoje hayo majani?"

Pasi akafikiri. "Ya kijani."

Mkewe akacheka. Alicheka mpaka mgongo ukamkataza, na shemeji akatoka kumwambia Pasi asimchekeshe mgonjwa. Lakini Pasi alikuwa amesikia kicheko hicho, na alikuwa na njaa nacho. Akang'oa kile kichipukizi, akakiweka kwenye sinia, akampelekea kitandani.

"Mchicha pori," mkewe alisema. "Siyo."

Ikawa ndiyo kazi yao ya asubuhi. Pasi alikuja na sinia, juu yake leso nyeupe iliyopigwa pasi, na juu ya leso vichipukizi vimepangwa kama vibanio vya nguo. Mkewe alikishika kimoja kimoja mbele ya macho, na kwa raha ya kugusa kitu kilichotoka nje akaisahau amri yake mwenyewe. Huu mnavu. Hii mbigili. Hiki kishona nguo, adui yako wa zamani, hukumtambua? Siyo, siyo, siyo. Na kila siyo ilikuwa na hadithi yake, wapi aliwahi kukiona, mama yake alikitumia kufanyia nini. Hawakuwa wamezungumza hivyo tangu ujana. Pasi alianza kuyajua magugu kwa majina na kwa sura. Alikuwa na furaha, na alijionea aibu kuwa na furaha wakati mkewe anapungua kila siku ndani ya shuka.

Asubuhi moja alikiona kimoja kando ya ngazi, mahali ambapo jiwe lilizuia jembe. Majani yake mawili yalikuwa membamba marefu kama uzi wa kushonea, na katikati kulikuwa na jani la tatu, dogo, limechanikachanika. Hakuwa amewahi kuona kama hilo. Akakishika shingoni taratibu, kama anavyotoa uzi kwenye kola bila kuharibu kitambaa, akakitoa chote na mzizi wake, akakilaza kwenye sinia pamoja na wenzake.

Hapo akaingia mwalimu mmoja kuchukua suti yake, ana haraka, ana mkutano. Pasi akaliweka sinia kwenye ukingo wa meza, pembeni ya pasi, juani. Akanyoosha koti, akanyoosha suruali, mwalimu akaona mkunjo mahali ambapo hapakuwa na mkunjo, akanyoosha tena. Mwalimu alipoondoka ndipo akaingia chumbani na sinia lake.

Mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye kile chembamba. Hakugusa kingine.

"Ndiyo hiki," alisema. Uso wake wote ukafunguka. "Mzee, ndiyo hiki. Umekitoa wapi?"

"Kando ya ngazi."

"Na vingine? Viko vingapi?"

"Nimekiona hicho tu."

Mkewe alikigeuza kwenye vidole. Mzizi ulikuwa mweupe, umekauka ncha. Majani yalikuwa yameanza kuinamisha vichwa. Akamtazama mumewe, na Pasi akaelewa kwa mara ya kwanza alichokuwa anafanya asubuhi zote zile. Ili ajue kama ni mgeni, alikuwa anamng'oa.

"Kirudishe," mkewe alisema kwa upole. "Kirudishe upesi. Kimwagie maji kidogo, ukikinge jua."

Pasi alikimbia. Mzee mzima alikimbia, sinia likaanguka. Alichimba kwa kidole, akakisimamisha, akakimwagia maji kwa kijiko, akakifunika kwa kikombe. Alikaa pale mpaka nguo zilizokuwa kwenye beseni zikapoa na sabuni yake. Alipofunua kikombe, kilikuwa kimelala chini. Jioni kilikuwa kama uzi uliokatika, na hata mtu asiyejua mimea angejua.

"Kimeshika?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Kimeshika," alisema Pasi.

Neno lilitoka kabla hajalipa ruhusa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, akaona kilichokuwa chini, akamtazama Pasi. Baadaye akamwambia, "Mwambie au usimwambie, shemeji, hayo ni yenu. Mimi akiniuliza nitasema sijatoka nje." Akashika ndoo akaenda zake. Kweli, tangu siku hiyo akawa hapiti kando ya ngazi.

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Asubuhi ya pili mkewe aliuliza, na Pasi akasema kina majani manne. Halafu kimekuwa kirefu. Halafu, kwa kuwa mkewe alitaka kujua kirefu kiasi gani, akaanza kupima kwa matofali ya ukuta, kwamba kimefika tofali la kwanza kutoka chini, kimepita la pili. Mkewe aliyajua matofali yale, alijua ni mangapi hadi dirishani. Akawa analala anahesabu. Pasi alitoka kila asubuhi, akainama pale pasipo na kitu, akakaa muda wa mtu anayetazama, kisha akarudi na habari. Magugu mengine hakuyang'oa tena, aliogopa kugusa chochote. Mara ngapi alifungua kinywa aseme ukweli! Akiuona uso ule umegeukia dirisha, kinywa kilijifunga chenyewe. Alimwomba Mungu kiote kingine. Hakikuota.

"Limetoa tumba," alisema siku moja.

"Rangi gani?"

"Bado halijafunguka."

"Litakuwa jeupe," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana. Kisha akaushika mkono wa mumewe, ule uliochubuliwa na sabuni. "Usilikimbize, mzee. Liache lije taratibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Neno hilo linamsumbua Pasi mpaka leo. Alikuwa anajua? Au alikuwa mgonjwa tu anayezungumzia ua? Hakuthubutu kuuliza, na baadaye hapakuwa na wa kumuuliza.

Mwanamke alifariki mchana, nguo za watu zikiwa kambani, na ua la uongo likiwa limebakiza tofali moja kufika dirishani. Na kitu cha kwanza alichohisi Pasi, kabla ya kilio, kilikuwa afueni. Kesho asingekuwa na tofali jingine la kudanganyia. Afueni hiyo ilimtafuna kuliko msiba wenyewe. Watu walimwambia jikaze kisabuni, mzee, na yeye alitikisa kichwa, lakini walichodhani kinamliza sicho kilichokuwa kinamliza.

Shemeji alirudi kwake. Pasi aliendelea kufua kwa sababu nguo za watu hazijui msiba. Ila ua hakuufagia tena. Magugu yalikua, yakachanua vimaua vyake vidogo visivyo na sifa, yakakauka. Kishona nguo kilishika mashati, wateja wakalalamika, wengine wakahama. Kuku wa jirani waliingia wakaparura chini ya dirisha siku nzima, wakatupa udongo juu ya yale mawe ya chokaa, na mwenye ufagio alikuwa amekaa barazani anawatazama. Majirani walisema mzee amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amechoka na usafi.

Mvua zilipokuja tena, hakutoka kutazama. Alitoka kwa ajili ya kibanio kilichoanguka. Aliinama kukiokota chini ya dirisha, pale kuku walipofukua, na mkono ukasimama hewani. Mchicha pori aliujua. Mnavu aliujua, mbigili aliijua. Na katikati ya hayo kulikuwa na majani mawili membamba marefu kama uzi wa kushonea, na la tatu dogo limechanikachanika. Kando yake kingine. Halafu vingine, hadi ukutani, kutoka kwenye zile mbegu zilizokuwa zimelala chini mwaka mzima kama mkewe alivyosema, na kuku wamezirudisha juu.

"Wageni," alisema Pasi kwa sauti.

Mkono wake haukumngoja. Ulikwenda wenyewe kwa mazoea yake, vidole viwili vikashika kichipukizi shingoni, taratibu, tayari kukitoa kikaonyeshwe ndani. Alikuwa ameshaanza kuvuta. Alikuwa ameshageuza uso kuelekea dirishani.

Hapo akakumbuka kwamba kitanda ni kitupu. Akafungua vidole, akaubana udongo pembeni ya kile kichipukizi kwa kidole gumba, na kikabaki kimesimama, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpelekea.